Dakika 40 za Ijumaa: kisa cha pikipiki iliyotangulia Mwanza

Pikipiki yenyewe ni Boxer ya cc 150, nyekundu, mali ya mpwa wangu. Alikuwa na likizo ya wiki tatu na nia moja: aikate nchi kutoka Ziwa Victoria mpaka Bahari ya Hindi juu ya tairi mbili, njia moja tu. Pikipiki itangulie Mwanza kwa lori, yeye afuate kwa basi, halafu arudi nayo Tanga kwa barabara. Mimi ni fundi pikipiki, kibanda changu kiko Ngamiani. Ndiye mimi niliyeiandaa, na ndiye mimi niliyeisindikiza hadi kwenye lori. Kwa hiyo kisa hiki nakieleza nikiwa mshitakiwa namba moja.

Nakieleza kwa sababu kila kijana anayenijia na wazo la namna hii huniuliza habari za barabara. Lami imeharibika wapi? Matrafiki wanakaa wapi? Tangi moja linafika wapi? Barabara haikutusumbua. Zile kilomita kama 1,200 pikipiki ilizila moja moja na kuzimaliza. Kilichotutoa jasho kilitokea hapa hapa Tanga, injini ikiwa imezimwa, mchana wa Ijumaa.

Kutuma kwenda au kutuma kurudi

Rai yangu ya kwanza ilikuwa kinyume na yake. Nilimwambia nenda nayo, ukifika Mwanza ipakie, wewe panda basi urudi umelala. Akacheka.

"Mjomba, nikifika kule nimechoka ndiyo nianze kutafuta lori? Nani ananijua Mwanza? Mimi nataka kilomita ya mwisho iwe ya Barabara ya Kumi na Mbili, hapa kwetu."

Nilinyamaza, maana kijana alikuwa na hoja. Ukituma kwanza, unatuma ukiwa mjini kwako. Wakala unamjua, au unamjua anayemjua. Unaona pikipiki ikipakiwa, una fundi wako, una spana zako. Na ukishaanza kuiendesha, kila siku unakaribia nyumbani: ikikufia Nzega una shida, ikikufia Same shida imepungua, ikikufia Muheza jioni hiyohiyo nakuja kukuchukua na pikapu ya jirani. Anayefanya kinyume hujikuta ana shida kubwa zaidi mbali zaidi na kwao.

Gharama ya mpango huu hatukuipima sawasawa. Pikipiki inakufikia mahali pa ugenini baada ya kukaa siku kadhaa mikononi mwa watu usiowaona, na wewe unatakiwa uiamini papo hapo kwa safari ya siku nyingi. Jambo hilo nililijua. Niliamini tu kwamba kusimama kwangu pale wakati wa kupakia kungelimaliza.

Treni tuliitaja tukaiacha. Reli yetu ya Tanga imeungana na reli ya kati kwa kipande cha Mnyusi mpaka Ruvu tangu 1963, kwa hiyo kwenye ramani mzigo unaweza kutoka bandarini kwetu hadi ziwani bila kugusa lami. Kwenye ramani. Buti la basi nalo tulilikataa, na sababu yake naomba msomaji aishike: ingebidi tufungue tairi la mbele na usukani, na hata hivyo pikipiki ingelazwa ubavu. Nikasema haiwezekani. Lori litaichukua ikiwa wima.

Nilichofanya vizuri, nilichofanya nusu

Oili nilibadilisha, cheni nikaikaza na kuipaka mafuta, breki nikazirekebisha, kabureta nikaisafisha na kuiseti upya ikaunguruma kama paka aliyeshiba. Usukani niliuacha bila loki. Hili wengi hulisahau: pikipiki yenye loki wapakizi hawawezi kuisukuma, basi huiburuta, na tairi lililopinda upande mmoja haliwi na pa kuegemea. Nilipiga picha 11 kwa simu, kila upande, na moja ya dashibodi ikionyesha kilomita. Kopi ya kadi ya usajili nikaiandaa, kwa sababu pikipiki iliyo juu ya lori bila karatasi, mbele ya askari, ni pikipiki ya wizi mpaka ithibitike vinginevyo.

Saidimira, vile vioo vya pembeni, sikuzifungua. Ni kazi ya dakika mbili. Sijui nilikuwa naharakia nini.

Petroli nilimwagiza mpwa wangu aitoe yote. Akatoa, akabakiza kama lita moja ili, kwa maneno yake, akifika aweze kujisogeza hadi shell. Koki aliifunga. Mwenzangu wa kibandani bado anambebesha yeye lawama yote kwa lita hiyo, nami nitalirudia hilo, maana lina pande mbili.

Kamba nilichukua za katani, mbili nene, pamoja na mipira ya tyubu na kipande cha ubao. Sipendi kumfundisha Mtanga habari za katani, lakini ikilowa hujikaza na ikikauka hulegea, kwa hiyo mwenye lori akinyeshewa njiani lazima ashuke akague. Zao lenyewe lilifika kwetu likiwa limeumizwa na usafirishaji: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62. Mashamba yote unayoyaona Ngomeni, Hale na Korogwe yana asili katika mzigo ulioharibika njiani.

Ufungaji unaofaa ni huu. Tairi la mbele linasukumwa mpaka ligonge bodi ya mbele ya lori. Kamba hazifungwi kwenye mikono ya usukani, zinashika chini, pale shokapu zinapoungana na shingo, moja kulia na moja kushoto, na zinavutwa mpaka shokapu zishuke nusu. Zikibanwa mpaka mwisho, kila shimo barabarani linapigilia sili, na utafika kwenye safari yako na shokapu zinazotoka jasho. Ubao unakaa kati ya tairi na madigadi ili mtu asikaze kupita kiasi. Nyuma kamba mbili nyingine. Stendi zote mbili zinakunjwa. Pikipiki inasimama kwa tairi zake na kamba.

Hayo yote nilimweleza msimamizi wa wapakizi, akiitikia kwa kichwa. Lori lilikuwa Fuso linalopakia magunia ya nazi zilizofuliwa, na nafasi ya mbele nilionyeshwa kwa macho yangu, wazi. Lakini magunia yalikuwa hayajakwisha, na saa sita na nusu adhana ikaita.

"Nenda tu ukasali, mzee wangu. Tutaisimamisha kama ulivyosema."

Nikampa kopi ya kadi na elfu tano ya soda, nikaenda. Nilirudi baada ya dakika 40. Lori limeondoka. Ubao wangu ulikuwa umeegemea ukuta pale pale nilipouacha, na chini yake kamba moja ya katani, haijafunguliwa hata fundo.

Nafika kwenye sehemu ninayoionea haya kuliko zote. Nilipouona ule ubao nilijua. Nikajiambia labda wametumia wa kwao. Sikumpigia dereva simu, ambaye wakati huo hata Pongwe pengine hajafika na angeweza kusimama. Wala mpwa wangu sikumwambia. Nilikunja kamba yangu nikarudi kazini.

"Imefika, lakini imelala"

Tuliambiwa siku tatu. Siku ya nne wakala akasema imefika. Mpwa wangu akapanda basi Kange alfajiri, akashuka Mwanza, akakuta kwamba "imefika" ya wakala ilikuwa na maana ya kufika Shinyanga. Lori lilishikwa kwenye kizuizi. Askari walitaka karatasi za pikipiki na dereva hakuwa nazo. Kopi niliyoitoa ilibaki Tanga, kwenye mfuko wa shati la msimamizi. Ikabidi picha ya kadi itumwe kwa simu. Kijana alilala gesti usiku tatu akisubiri, na hela ya gesti ilikaribia hela ya lori.

Siku ya saba simu yangu ikalia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Imefika?"

"Imefika, lakini imelala."

Akanigeuzia kamera. Pikipiki ilikuwa ubavuni, ubavu wa kushoto, juu ya magunia, na gunia jingine juu ya tairi la nyuma. Saidimira moja ilikuwa kipande kilichoning'inia. Mkono wa klachi umekunjwa kama kidole cha mtu anayeita. Maji ya betri yalimwagika yakala rangi ya kava ya cheni, ikatoka mabaka meupe. Na gunia lililokuwa chini ya tangi lilikuwa na doa la giza, upana wa sinia.

Mwenye gunia alikuwepo. Mama wa makamo, mfanyabiashara wa nazi, mikono kiunoni, na hakuwa na shida na wakala. Alikuwa na shida na mpwa wangu.

"Nazi zangu zinanuka petroli, mwanangu. Nani ataninunulia?"

Angalieni jinsi kesi ilivyogeuka. Kijana aliyefika kudai sasa anadaiwa. Wakala, aliyepaswa kuwa mdaiwa, akakaa pembeni kama shahidi. Alipoulizwa alitoa risiti na kuonyesha mstari mdogo wa chini: mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenye mzigo. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa mkono, "Pikipiki 1". Basi. Hakuna kusimama, hakuna kulala, hakuna mzima wala mbovu. Maagizo yangu yote marefu na elfu tano yangu ya soda vilibaki hewani pale uwanjani Tanga.

Kuhusu ile lita moja. Pikipiki ikiwa wima na koki imefungwa, lita moja haina madhara; inakaa chini ya tangi na tundu la kupumulia kwenye kifuniko liko juu huko. Ikilazwa, petroli inalifikia tundu na kutoka tone tone mpaka iishe. Ndiyo maana hukumu ya mwenzangu siikubali yote: kijana alikosea kwa kubakiza, lakini kosa lake lilikuwa limelala usingizi mpaka wapakizi walipoliamsha. Ila mama wa nazi hahusiki na usomi huo. Petroli ni ya mwenye pikipiki, na iliyo kwenye gunia ni yake yeye kuisafisha. Nilimwambia mpwa wangu amwombe radhi kwanza, mambo ya wakala baadaye.

Akaomba radhi. Mama akafungua gunia, akatoa nazi ya juu, akainusa, akachukua jiwe akaipasua pale pale. Maji akayanywa, akamega kipande cha nyama yake akatafuna polepole huku wote wanamtazama mdomoni. Akasema, "Ndani haina neno." Zilizoloa kabisa zilikuwa tisa. Kijana alizilipa, mama akamwachia mbili, na kuanzia hapo akahamia upande wetu. Ni yeye aliyemgeukia wakala na kumuuliza kama na yeye, siku mzigo wake ukilazwa, ataonyeshwa mstari mdogo.

Zile picha 11 ndipo zilipofanya kazi. Ya tarehe ile, saa ile, pikipiki wima, saidimira zote mbili nzima, klachi imenyooka. Wakala hakukubali kosa, na sidhani kama angelikubali hata kwa mizani ya kadhi, lakini alirudisha nusu ya nauli ya pikipiki. Picha bila yule mama zingeambulia pole tu. Huyo mama bila picha angekuwa na maneno matupu.

Usipige kiki

Kijana alitaka kuiwasha hapo hapo. Nilipiga kelele kwenye simu mpaka wateja wangu wakageuka. Pikipiki iliyolala siku nyingi oili yake haiko mahali pake: imepenya kwenye bomba la hewa ya injini ikaingia boksi la filta, na nyingine inaweza kuwa imejipenyeza kwenye silinda. Ukiiwasha kwa pupa utapata moshi wa buluu kama jiko la mkaa mbichi, na ukiwa na bahati mbaya zaidi utaumiza injini.

Tulifanya hivi, yeye akishika spana, mimi nikishika simu. Pikipiki wima kwenye stendi ya kati, saa nzima, isiguswe. Plagi ikafunguliwa, ikatoka imeloa. Plagi ikiwa nje, akapiga kiki taratibu mara 20 hivi, silinda ikatema ilichokuwa nacho. Boksi la filta likafunguliwa, akamwaga karibu kikombe cha kahawa cha oili, filta akaikamua, akaisafisha kwa petroli, akaikausha. Ndipo akatazama kioo cha oili na kuongeza iliyopungua. Betri alinunua nyingine, klachi akabadilisha mkono, kava ya cheni akaiosha kwa maji na sabuni ili tindikali isiendelee kula. Iliwaka kiki ya tatu.

Barabarani sina mengi. Usagara aliipita asubuhi (wanayo Usagara yao huko kama sisi Tanga, kwenye njia panda ya kwenda daraja la Kigongo–Busisi, alinipigia picha ya kibao kunitania), akalala Nzega. Kesho yake Igunga, kisha Sekenke, ambayo aliipanda sambamba na malori, gia ya pili. Baada ya hapo pikipiki ikawa nzito. Ilikuwa haivuki kilomita 60 kwa saa na inakunywa: hapa Tanga hufanya kilomita 45 kwa lita, kule ilishuka hadi 35. Akaamini ni madhara ya kulala.

Nilimwambia afungue plagi anieleze rangi. Uchafu unaoteleza kidoleni ni oili. Masizi makavu ni petroli nyingi. Yalikuwa makavu. Basi si kulala, ni mimi tena: kabureta niliiseti Tanga, usawa wa bahari, na Singida iko mita 1,500 hivi juu, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Petroli ni ile ile, hewa imepungua, injini inavimbiwa. Pamoja na hilo kulikuwa na upepo wa Singida, ambao huvuma kutoka mashariki na kumpiga usoni kila anayerudi pwani. Kwa hesabu ya upepo peke yake, mpango wangu wa mwanzo wa kwenda nayo na kuituma kurudi ulikuwa bora. Sikumwambia, alikuwa na baridi ya kumtosha.

Nilimkataza asiguse kabureta. Akapita Katesh chini ya mlima Hanang, Babati, Arusha, akalala Moshi. Siku ya mwisho, kama kilomita 350, barabara inateremka mpaka baharini, na Same akanipigia kwa furaha:

"Mjomba, imepona yenyewe!"

Haikuwa imeumwa. Ilikuwa inarudi kwenye hewa iliyosetiwa nayo. Mombo alikula, Segera akakata kushoto, na saa kumi na moja jioni nilisikia mlio ninaoujua ukiingia Barabara ya Kumi na Mbili.

Nilipoifungua kesho yake niliikuta nyuzi ya makumbi imejisokota kwenye sproketi ya nyuma, imekolea oili, imesafiri kwenda na kurudi. Nimeitundika kwenye msumari kibandani.

Risiti za mizigo siku hizi naziandika mwenyewe kabla wakala hajatia sahihi: isimame, isilazwe, tangi kavu, kilomita za dashibodi, saidimira zimefunguliwa ziko kwa mwenyewe, kopi ya kadi kwa dereva. Wengine wananuna, wanasaini. Wiki iliyopita alikuja kijana anayetaka yake itangulie Mbeya, lori amelipata, linapakia Ijumaa mchana. Nikamwambia atafute la Jumamosi.